Na Aliyeumizwa Je?

Ndugu wasomaji, walimu wenzangu huandika katika kurasa hizi juu ya hesabu, usafi, bustani za shule na malezi ya watoto, nami husoma na kufaidika. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo lililonitoa darasani likanipeleka mahakamani. Miaka mingi imepita, walakini halijaniacha. Siandiki ili kumshitaki mtu. Nataka kueleza neno ambalo nalipaswa kulijua nami sikulijua, na kwa kutolijua kwangu nyumba moja ilipata hasara isiyofidiwa.

Mwaka 1989 nalikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Wengi wenu mwaijua nchi yetu: majabali makubwa yaliyopandana, upepo usiochoka, mashamba ya mtama na uwele, na mvua inayokuja kwa choyo. Katika nchi kama hiyo mali ya kwanza ya mtu ni mikono yake. Mwenye mikono miwili na jembe ana nyumba. Mwenye mkono mmoja, nusu ya nyumba yake imeanguka.

Katika darasa langu la sita alikuwamo mvulana mmoja hodari sana wa hesabu. Nilipokuwa naandika swali ubaoni, yeye alikuwa amekwisha pata jibu kabla sijaweka chaki chini. Jioni moja baba yake alikuwa kilabuni akinywa pombe ya mtama, akagombana na kijana wa kijiji hicho hicho. Ugomvi ulikuwa wa maneno tu, wala hapana aliyeweza baadaye kueleza vema ulianzaje. Yule kijana akatoka, akarudi na panga, akamkata mkono wa kulia. Hospitali iliponya jeraha, lakini mishipa ilikuwa imekatika, na vidole havikukunjika tena. Hakuweza kushika jembe, wala shoka, wala kukamua ng'ombe.

Siku ya kesi nalikwenda naye, maana hakujua kusoma, naye aliniomba nimsindikize. Kijana alikiri kosa. Mwendesha mashitaka akaeleza habari yote, hakimu akasema maneno makali na ya haki juu ya ulevi na mapanga, akamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Watu wakatoka nje wakisema, "Haki imetendeka." Nami nalisema vivyo hivyo.

Njia ya kurudi kijijini ilipita karibu na boma la kijana yule. Tukawaona maksai wake wawili wamesimama zizini. Walikuwa mali yake mwenyewe, si ya baba yake. Aliwanunua kwa kazi yake ili alimie watu mashamba kwa ujira. Tukawatazama, tukapita. Yule baba hakusema neno, nami sikusema neno.

Baada ya mwezi mmoja yule mvulana aliacha kuja shuleni. Nikaenda kwao kuuliza sababu. Nilimkuta mama yake anapepeta mtama kidogo uliobaki ghalani. Nikamwambia, "Mama, mtoto huyu ana akili, msimwachishe masomo." Akaweka ungo chini akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mtoto huyu sasa ndiye mkono wa kulia wa baba yake. Yule mwingine serikali imemfunga, nasi tumeshukuru. Lakini yeye huko aliko analishwa. Amefungwa miaka mitatu, na sisi tumefungwa maisha."

Sikuwa na jibu. Nalisema maneno ya kumfariji, nikarudi nyumbani.

Miaka kadhaa baadaye nalipata kuisoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Nilipofika mahali panaposemwa habari za fidia, nikasoma mara ya kwanza, nikasoma tena, kisha nikafunga kitabu. Maana nilikuta ya kuwa mahakama ikimtia mtu hatiani, na ikionekana kwa ushahidi kwamba mtu mwingine amepata hasara au ameumizwa mwili, basi mahakama yaweza, zaidi ya adhabu, kumwamuru mkosaji amlipe huyo fidia, ama kwa kitu ama kwa fedha. Na Kanuni ya Adhabu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1930, nayo yasema kwamba mahakama yaweza kuamuru mkosaji amlipe aliyeumizwa kwa kosa lake.

Kwa kitu au kwa fedha! Basi wale maksai waliokuwa zizini walikuwa ndani ya sheria siku ile ile. Lakini mwendesha mashitaka hakuomba, hakimu hakuuliza, mwenye jeraha hakujua, na mwalimu, mtu wa vitabu, aliyekuwa ameketi nyuma na chaki mfukoni, naye hakujua. Hapana aliyemdhulumu yule baba siku ile kwa kusudi. Tulimsahau tu, kila mmoja wetu, huku yupo mbele yetu na mkono wake umefungwa kitambaa.

Wazee wetu wasingalimsahau. Babu yangu alinisimulia desturi ya zamani. Mtu akimuumiza mwenzake au akimwua, neno la kwanza la wazee halikuwa "Tumfanyeje huyu?" Neno la kwanza lilikuwa "Nyumba ile imepungukiwa na nini?" Ukoo wa mkosaji ulichanga mifugo, ukaipeleka kwa ukoo wa aliyeumizwa, wakala na kunywa pamoja ili kisasi kife. Kusudi lake halikuwa huruma tu. Katika nchi isiyo na polisi wala gereza, damu isiyolipwa ilizaa damu nyingine, na vita vya koo mbili vingaliweza kumaliza kijiji. Ng'ombe wale walinunua amani.

Walakini ni wajibu wangu kuandika pia ubaya wa desturi hiyo, maana naliuona kwa macho yangu. Mwaka 1991 wazee wa koo mbili za kesi ile walikaa, na ukoo wa kijana ukatoa mtamba mmoja na mbuzi. Nalifurahi. Lakini mtamba ule haukuingia katika nyumba ya aliyekatwa mkono. Ulikwenda kwa kaka yake mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa ukoo. Yule mama alipata maziwa msimu mmoja, kisha ng'ombe akahamishwa. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi: fidia ililipwa kwa ukoo, nao walioumia hasa, wajane na watoto, walibaki kutazama. Tena mwenye mifugo mingi aliweza kuumiza watu na kulipa bila kusikia uchungu. Basi nisemapo kwamba wazee walikumbuka, sisemi kwamba wote waliokumbukwa walishiba.

Tena msidhani kwamba desturi hii ilikuwa ya Waafrika peke yao. Mfalme Hammurabi wa Babeli, yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, aliweka sheria kwamba mtu akinyang'anywa mali na mnyang'anyi asikamatwe, mji na mkuu wa mahali pale ndio wamlipe. Torati ya Musa yamwagiza aliyeiba ng'ombe akamchinja alipe ng'ombe watano kwa mmoja. Sheria ya Kiislamu inayo dia, ambayo ndugu zetu wa pwani na wa Omani waijua vema. Hata Waingereza, waliotuletea mahakama zao, walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mfalme Æthelberht wa Kent, yapata mwaka 600, aliandika orodha ya viungo vya mwili na malipo yake: kidole gumba shilingi 20, mguu shilingi 50, na kadhalika. Babu yangu angaliketi na wazee wa Kent akaelewana nao bila taabu.

Basi ilikuwaje aliyeumizwa akasahauliwa? Ni kwa sababu wafalme wa Ulaya, kadiri walivyozidi kuwa na nguvu, walisema kwamba kosa ni kuvunja amani ya mfalme. Kwa hiyo faini ikaingia katika hazina ya mfalme, na mkosaji akaingia katika gereza la mfalme. Jambo hili lilikuwa na faida kubwa: lilizuia visasi, na maskini asiye na ukoo wenye nguvu akapata mtetezi. Lakini aliyeumizwa akawa shahidi tu katika shauri la mwingine. Hayo ndiyo yaliyoletwa kwetu na serikali ya kikoloni. Hata leo kesi huitwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya fulani. Jamhuri yupo, fulani yupo; jina la aliyekatwa mkono hulioni juu ya karatasi.

Sisi watu wa Singida tunao mfano wetu wenye uchungu. Katika miaka ya 1946 hata 1948 palitokea mauaji ya kutisha katika wilaya yetu, yakaitwa mauaji ya watu-simba, kwa kuwa wauaji walijifanya simba na kurarua miili ya watu ili ionekane kuwa ni kazi ya mnyama. Serikali ilileta polisi, watu wengi wakakamatwa, na wengine wakahukumiwa kunyongwa. Habari hizo zimeandikwa na kusimuliwa mara nyingi. Lakini angalieni masimulizi yenyewe: yamejaa habari za wauaji, ngozi zao na kucha zao. Waliouawa wametajwa kwa hesabu tu, na yatima wao hawatajwi kabisa. Muuaji aliponyongwa, kitabu kilifungwa. Mtoto aliyepoteza mama yake shambani alikua vipi? Kitabu hakikuwa na ukurasa wake.

Usahaulifu huo ulidumu katika nchi nyingi hata katikati ya karne iliyopita. Miongoni mwa watu walioanza kuamsha wengine alikuwako mwanamke Mwingereza, jina lake Margery Fry, aliyekuwa hakimu na mtetezi wa wafungwa, akafariki mwaka 1958. Maisha yake yote alitaka wafungwa watendewe kwa utu. Uzeeni akaona kwamba walioumizwa nao wanahitaji mtetezi. Alitoa mfano wa mtu mmoja aliyepigwa mwaka 1951 akapofuka macho. Mahakama ilimpa haki ya kulipwa pauni 11,500, na wale wawili waliompiga wakaamriwa kulipa kila mmoja shilingi 5 kwa juma.

Naliwapa wanafunzi wangu swali hili walifanye. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, basi pauni 11,500 ni shilingi 230,000. Kwa shilingi 10 kila juma ni majuma 23,000. Gawanyeni kwa majuma 52 ya mwaka. Kipofu yule angalihitaji kuishi miaka 442 ili apate shilingi yake ya mwisho. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza.

Mama Fry alisema kwamba ikiwa serikali imewakataza watu kujilipizia kisasi, na ikiwa imeahidi kuwalinda, basi ulinzi ukishindikana serikali nayo ichukue sehemu ya mzigo. Hakuishi kuona matunda. New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1963, Uingereza ikaanza mwaka 1964, na jimbo la California katika Marekani mwaka 1965. Japani ilitunga yake mwaka 1980. Marekani mwaka 1984 iliweka mfuko mmoja wa taifa kwa ajili ya walioumizwa, nao hujazwa hasa kwa faini za wahalifu wenyewe, si kwa kodi za raia. Ufaransa inayo njia nyingine ya zamani: aliyeumizwa aweza kuingia katika kesi ya jinai akidai haki yake, na mahakama ile ile ikaamua adhabu na malipo pamoja. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko kwamba mkosaji amlipe aliyemuumiza, na pale asipoweza kulipa yote, serikali zijitahidi kusaidia wale walioumia sana.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya kuwalinda waliodhulumiwa na makosa ya jinai, na ndani yake ikaweka mfuko kwa ajili yao. Na jirani zetu wa Kongo ya mashariki wameona jambo jingine. Kijiji cha Bogoro, katika Ituri, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko Uholanzi, ilimtia hatiani Germain Katanga, na mwaka 2017 ikaamuru watu 297 walioumizwa wapewe kila mmoja dola 250, pamoja na misaada ya kuwafaa wote, kama ya nyumba na masomo. Katanga hakuwa na kitu, hivyo mfuko maalumu wa mahakama ile ukaombwa kulipa. Wenye mahakama walisema wazi kwamba dola 250 hazilipi nyumba iliyochomwa wala ndugu aliyeuawa. Ni alama tu. Wengine walisema alama ya namna hiyo ni dhihaka. Mimi nimefikiri sana juu ya neno hilo, na nikikumbuka yule mama na ungo wake, naona kwamba anayeitwa kwa jina lake na kuambiwa, "Hasara yako tumeiandika," amepata kitu ambacho yeye hakukipata.

Na sisi Tanzania? Ndugu zangu, sheria za kwetu si tupu. Katiba yetu, kwa mabadiliko ya mwaka 2000, inaziagiza mahakama, katika ibara ya 107A, zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoumia kwa makosa ya wengine, kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Neno hilo limewekwa pamoja na maagizo makubwa ya kutenda haki kwa wote bila kutazama hali ya mtu, na kutochelewesha haki bila sababu. Lakini fidia yenyewe kwa kawaida hutazamiwa kwa mkosaji, na mkosaji mara nyingi ni maskini. Hapo ndipo hesabu ya miaka 442 inaporudi. Mimi naona kwamba Bunge letu lingefanya vema kuweka mfuko kwa ajili ya walioumizwa vibaya, sehemu yake ikitoka katika faini. Lakini tukingoja mfuko huo huku tumekunja mikono, tutaacha hata yale maksai yaliyopo zizini.

Kwa hiyo nawashauri wasomaji, hasa walimu, maana vijijini watu hutujia sisi kwanza. Mtu akiumizwa, mhimizeni apate ile fomu ya polisi iitwayo PF3, na atunze kila stakabadhi ya dawa na nauli. Aandikiwe siku ambazo hakuweza kufanya kazi, na mali iliyopotea na thamani yake. Kisha amwambie mwendesha mashitaka mapema kwamba anataka fidia, na ikiwa anajua mkosaji ana mali gani, aseme. Neno hili lisemwe kabla ya kesi kwisha. Hukumu ikisha kusomwa na watu wakitoka nje, njia huwa ndefu zaidi: itambidi afungue kesi ya madai, na wachache wa kwetu wana nauli na moyo wa kurudi.

Tena liko onyo moja. Fidia isigeuzwe kuwa pazia la kufichia uovu. Tumesikia mara nyingi binti akiharibiwa, na wazee wakapokea ng'ombe usiku na kesi ikafa. Hiyo si fidia. Ni kumwuza mtoto mara ya pili. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeamuru mkosaji wa kubaka afungwe miaka mingi, na juu ya hayo alipe fidia iliyokadiriwa na mahakama. Angalieni vema: fidia hiyo ni ya yule aliyetendewa uovu, si ya baba yake wala ya wajomba zake. Hapo sheria imekumbuka kama wazee walivyokumbuka, tena imerekebisha pale wazee walipokosa.

Yule mvulana wa hesabu hakurudi shuleni. Leo ni mtu mzima, fundi wa baiskeli sokoni, mwenye watoto wake. Nikimpelekea baiskeli yangu hupiga hesabu ya vipuri vyote kichwani wala hakosei senti. Hanilaumu, maana hajui kuna la kunilaumu. Mwaka jana nalimweleza habari ya sheria ile na ya maksai wale. Akaendelea kukaza spoki kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sasa waambie wengine." Ndiyo sababu nimeandika.

Nami nilipokuwa bado darasani nalibadili desturi yangu moja. Zamani mtoto akivunja rula ya mwenziwe, nalimchapa aliyevunja, kisha tukaendelea na somo, na mwenye rula akabaki bila rula. Baadaye nikawa naanza kwa kumgeukia yule mwenye rula iliyovunjika na kumwuliza umepungukiwa na nini, kisha namwita mwingine na kumwuliza atalipaje. Watoto walielewa upesi sana. Natumaini na sisi wakubwa tutaelewa, ili kila mahakama ya nchi hii, kabla haijafunga kitabu, iulize neno moja: na aliyeumizwa je?